Bastola ya Bei Nafuu Nyumbani: Gharama Isiyosemwa Dukani

Ukitoka Ngaramtoni kuelekea Namanga, barabara hupita ubavuni mwa Mlima Meru hadi Oldonyo Sambu, mahali pa upepo na vumbi, ambapo nyumba moja huweza kuwa mbali na nyingine. Mwenye mifugo au duka katika eneo la namna hii ana haki ya kujiuliza atailindaje familia yake usiku. Baadhi hufikiria bastola, hasa zile nyepesi zenye mwili wa plastiki ngumu, ambazo mara nyingi huwa nafuu kuliko za chuma kitupu.

Nia hiyo si mbaya. Mafundisho ya Mtume (SAW) yanampa daraja la shahidi anayeuawa akitetea mali yake. Mafundisho hayohayo yanakataza kumwelekezea ndugu silaha, na hata kukabidhiana upanga ukiwa nje ya ala.

Plastiki yenyewe si kasoro. Glock 17 ya Austria, iliyoingia katika jeshi la nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilibezwa na wengi, lakini leo bastola za jina hilo hubebwa na polisi wa nchi nyingi. Linalopaswa kumshughulisha mzazi ni jingine: nyingi za aina hii hazina kitufe cha nje cha usalama. Vizuizi vyake vimo ndani, na vyote huachia kifyatulio kinapovutwa, awe anayekivuta ni baba au mtoto wa miaka mitano.

Kwa hiyo sishawishiki na maboresho yanayosifiwa sana, kama springi laini za kurahisisha kuvuta kifyatulio. Mshindani wa kulenga shabaha atazifurahia. Mtu aliyeshtuka usingizini, mkono ukitetemeka, hazimfai. Vilengeo vinavyong'aa gizani vina manufaa kiasi. Tochi ya mkononi ina manufaa zaidi, kwa kuwa anayesukuma mlango huenda ni kijana wako aliyechelewa kurudi. Tena risasi ya milimita 9 hupenya ukuta wa mabanzi kwa urahisi, na upande wa pili wamelala watoto.

Boresho lenye thamani kuliko yote ni sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa bolti ukutani, risasi zikihifadhiwa mahali pengine. Utasema ikifungwa hivyo haitawahi kumkuta mwizi. Ni kweli, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo zima: silaha iliyo tayari kwako iko tayari kwa kila aliye ndani. Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1993, ulihusisha kuwepo kwa bunduki nyumbani na hatari ya kuuawa humo iliyo kubwa karibu mara tatu, na wauaji wengi walikuwa jamaa au watu wanaofahamika. Marekani si Arumeru, lakini ugomvi wa ndoa uko kote.

Kwa fedha hizohizo, komeo imara, taa ya sola uani, filimbi na makubaliano ya zamu na majirani vitafanya kazi kila usiku. Na mbwa wa kulinda mifugo sheria yetu imemruhusu.

Anayeona bado anaihitaji bastola aifuate Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa na kamati za ulinzi na usalama, kisha polisi. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Mke au mtoto haitumii kwa niaba yake. Mume akifariki, bastola haigawanywi kama ng'ombe wa mirathi: ipelekwe polisi, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Mkeo na ajue mapema sanduku liko wapi na karatasi zake ziko wapi, asije akalazimika kuvitafuta akiwa eda.