SHIMO LA KOMBORA LAGEUZWA JUMBA

Askari wakiondoka kambini, kambi humwachia nani? Huko Marekani swali hili limepata jibu la ajabu.

Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960, jeshi la anga la nchi hiyo lilijenga mashimo 72 ya zege, kila moja likizama ardhini kwa kina cha meta 53 hivi, ili kuhifadhi makombora ya nyuklia aina ya Atlas-F. Mwaka 1965 makombora hayo yaliondolewa, bila hata moja kurushwa vitani. Baadaye mashimo yakaangukia mikononi mwa raia.

Moja, katika jimbo la Kansas, limegeuzwa jumba la ghorofa 15 zishukazo chini badala ya kupanda juu. Ndani mna bwawa la kuogelea, sinema na chumba cha kulengea shabaha. Kwa kuwa hakuna madirisha, viwambo vya televisheni huonyesha mandhari ya nje. Ghorofa nzima ilitangazwa kwa dola milioni 3.

Hatuwaonei wivu wanunuzi hao. Wamelipa mamilioni ili walale pale ambapo vijana wa zamu walikesha kwa amri. Lakini sisi tuvaao sare tunapata funzo: nyumba ya kambini ni ya kazi, na siku ya kustaafu hurudishwa pamoja na bunduki. Basi, ndugu askari, tuanze mapema kupanga matofali yetu wenyewe, hata kama ni ya chumba kimoja chenye dirisha.