Maua Katika Mitutu ya Bunduki

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, saa sita na dakika 20, Redio Renascença ya Lisbon ilipiga wimbo wa José Afonso uitwao "Grândola, Vila Morena". Kwa msikilizaji wa kawaida ulikuwa wimbo tu wa usiku. Kwa makapteni waliokesha kambini wakitega sikio redioni, ilikuwa ishara waliyokubaliana: tokeni sasa. Kulipopambazuka, magari ya deraya yalikuwa yameshaingia katikati ya mji mkuu wa Ureno, na redio ilikuwa ikiwasihi wananchi wabaki majumbani. Wananchi hawakusikia. Walimiminika mitaani kwa maelfu.

Asubuhi hiyo Celeste Caeiro, mfanyakazi wa mkahawa mmoja, alikuta kazini hakuna kazi. Mkahawa ulikuwa ukitimiza mwaka mmoja na maua ya sherehe yalishanunuliwa, lakini kwa hali ile mwenye mkahawa aliamua kufunga, akawaambia wafanyakazi wayachukue maua waende nayo kwao. Njiani askari mmoja alimwomba sigara. Celeste hakuwa mvutaji, akampa ua jekundu. Askari akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki yake. Wenzake nao wakataka, na wauza maua wa mjini wakaendelea pale Celeste alipoishia. Maua hayo Wareno huyaita cravo, jina lile lile wanaloipa karafuu, kwa kuwa harufu zao hufanana.

Hadi jioni, udikteta uliodumu miaka 48 ulikuwa umekwisha. Watu wanne waliuawa kwa risasi mbele ya makao ya polisi wa siri, polisi hao walipoufyatulia risasi umati uliokusanyika nje. 

Ulaya husimulia habari hii kama yake: wimbo, maua, askari vijana, furaha mitaani. Lakini makapteni wale walijifunzia wapi kuikataa serikali waliyoapa kuilinda? Hawakujifunzia Lisbon. Walijifunzia katika misitu ya Guinea ya Wareno (leo Guinea-Bissau), Angola na Msumbiji, walikotumwa kupigana na watu waliokuwa wakidai nchi zao.

Ramani iliyotundikwa shuleni

Mwaka 1926 jeshi liliipindua jamhuri changa ya Ureno. Miaka miwili baadaye António de Oliveira Salazar, mhadhiri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Coimbra, alikabidhiwa wizara ya fedha. Mwaka 1932 akawa waziri mkuu, na hakuondoka hadi 1968, alipoanguka na kuumia kichwa kisha akapatwa na kiharusi. Hakuwa dikteta wa kupayuka majukwaani. Alikuwa mtu wa makaratasi na ukimya, aliyetawala kwa msaada wa wakaguzi wa magazeti, chama kimoja, na polisi wa siri walioitwa PIDE. Wapinzani wake walitupwa mbali, kwenye kambi ya Tarrafal katika visiwa vya Cape Verde, iliyofunguliwa mwaka 1936.

Ureno ilikuwa nchi fukara. Hata mwaka 1970, karibu mtu mmoja katika kila wanne hakujua kusoma na kuandika. Kilichowapa watawala kiburi kilikuwa himaya. Mwaka 1934 ilichapishwa ramani iliyozilaza Angola na Msumbiji juu ya ramani ya Ulaya, zikaifunika kuanzia Hispania hadi mipaka ya Urusi, na juu yake maneno: Ureno si nchi ndogo. Watoto wa shule walikua wakiitazama ukutani.

Aliyeichora ramani hiyo aliitwa Henrique Galvão, na safari ya maisha yake yaeleza mengi. Alipotumwa kukagua makoloni alijionea yale ambayo ramani haikuyaonyesha: Waafrika waliokusanywa kwa nguvu na kupelekwa kazi za shuruti katika mashamba na migodi, wengi wao wakifia huko. Mwaka 1947 aliwaeleza hayo wabunge. Serikali ikampuuza, na baadaye ikamfunga. Akatoroka, na Januari 1961 aliiteka meli ya abiria Santa Maria baharini ili ulimwengu uitazame Ureno ilivyo.

Himaya na udikteta, basi, vilikuwa nguzo mbili za nyumba moja. Serikali isiyowaruhusu Wareno wenyewe kupiga kura ya haki haikuweza kuwaruhusu Waafrika kuzungumzia uhuru. Uingereza na Ufaransa zilipoanza kufunga virago, Salazar alikuwa ameshayabadili makoloni jina mwaka 1951 na kuyaita mikoa ya ng'ambo, akisema kwamba Ureno haina koloni la kuliachia.

Ng'ambo ya Ruvuma

Tarehe 16 Juni 1960, wanakijiji walikusanyika Mueda, katika nyanda za Wamakonde kaskazini mwa Msumbiji, kuzungumza na mkuu wa mkoa. Askari wakawafyatulia risasi. Wamakonde wengi walikuwa wameshauvuka mto Ruvuma kukimbia kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha lazima, wakaajiriwa katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Habari za Mueda ziliwafikia huko, na kule ugenini vyama vya siasa vikapata wanachama.

Miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana jijini Dar es Salaam na kuzaa FRELIMO, chini ya Eduardo Mondlane. Wapiganaji wake walipata mafunzo na makambi Kongwa na Nachingwea. Risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilisikika Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Mondlane hakuuona mwisho wa vita hivyo: aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta.

Wakati huo Ureno ilikuwa ikipigana pande tatu. Angola iliwaka mwaka 1961, Guinea 1963, Msumbiji 1964. Kwa taifa la watu wapatao milioni tisa, huo ulikuwa mzigo wa kuvunja mgongo. Vijana walichukuliwa jeshini hadi miaka minne, na sehemu kubwa ya muda huo walitumikia Afrika. Gharama za jeshi zilimeza zaidi ya theluthi moja ya bajeti. Wareno zaidi ya milioni moja walihama nchi yao, wengi wakielekea Ufaransa, baadhi wakivuka milima kwa siri ili wasipelekwe vitani.

Pigo kubwa zaidi lilitoka katika koloni dogo kuliko yote yaliyokuwa vitani. Guinea iliongozwa kupigania uhuru na Amílcar Cabral, mtaalamu wa kilimo ambaye mwaka 1953 alizunguka nchi nzima akifanya sensa ya mashamba kwa ajili ya serikali ya kikoloni, na kwa safari hizo akaijua kila njia na kila kabila. Cabral alirudia mara kwa mara kwamba adui wao ni ukoloni, si wananchi wa Ureno. Aliuawa Conakry, katika nchi jirani, Januari 1973, lakini mwaka huo huo wapiganaji wake wakapata makombora ya kutungulia ndege, na utawala wa Wareno angani ukavunjika. Tarehe 24 Septemba walijitangazia uhuru wao, na nchi nyingi zikautambua.

Makapteni wanakutana shambani

Makapteni ndio waliokuwa wakiongoza vikosi msituni, wakizika vijana na kurudi tena zamu ya pili, hata ya tatu. Mwaka 1973 serikali, kwa uhaba wa maofisa, ilitoa amri iliyowaruhusu maofisa wa muda kupanda vyeo haraka baada ya kozi fupi. Makapteni wa kudumu walikasirika. Zaidi ya mia moja wakakutana kwa siri Septemba mwaka huo katika shamba moja karibu na Alcáçovas, kusini mwa nchi.

Walianza na vyeo. Kadiri walivyozungumza, waliona kwamba tatizo ni vita, na vita havingekwisha serikali ile ikiwa madarakani. Februari 1974, Jenerali António de Spínola, aliyekuwa gavana wa Guinea, alichapisha kitabu akikiri kwamba ushindi wa kijeshi Afrika hauwezekani. Lililonong'onwa kambini likawa linasomwa madukani.

Mpango wa mapinduzi ulichorwa na Otelo Saraiva de Carvalho, ofisa aliyezaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, na aliyewahi kutumikia Angola na Guinea. Kikosi kilichotoka Santarém kiliongozwa na Kapteni Salgueiro Maia, kijana wa miaka 29 aliyekwisha kupigana Msumbiji na Guinea. Ndiye aliyeizingira kambi ya Carmo alimojificha Waziri Mkuu Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar. Caetano alikubali kujisalimisha, lakini kwa jenerali tu. Spínola akaitwa kumpokea.

Spínola, ambaye sasa alikuwa rais, alitaka makoloni yaachiwe polepole, ndani ya shirikisho. Vyama vya ukombozi vikakataa: hakuna kusitisha mapigano bila uhuru. Nao askari wa Kireno hawakutaka tena kufa kwa ajili ya himaya. Septemba 7, 1974, Ureno na FRELIMO zilitia saini makubaliano mjini Lusaka, na kabla mwezi haujaisha Spínola alijiuzulu. Tarehe 25 Aprili 1975, Wareno walipiga kura huru, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha walijitokeza.

Mtikisiko haukuishia hapo. Udikteta wa kijeshi wa Ugiriki ulianguka Julai 1974, na wa Hispania ulianza kufunguka baada ya Franco kufa Novemba 1975. Kusini mwa Afrika, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijikuta na mpaka mrefu wa mashariki ulio wazi kwa wapiganaji, na mwaka 1980 Zimbabwe ikazaliwa.

Lakini damu nayo haikukoma. Angola ilipata uhuru tarehe 11 Novemba 1975 huku vyama vyake vikipigana, na vita viliendelea hadi 2002. Msumbiji iliingia katika vita vya ndani kuanzia 1977 hadi 1992. Timor Mashariki, koloni jingine la Ureno lililoachwa bila ulinzi, ilivamiwa na Indonesia Desemba 1975. Wareno kama nusu milioni walioishi Afrika waliondoka kwa haraka, wengi wakishuka Lisbon na masanduku tu. Himaya iliyokataa kwa miaka mingi kuandaa mwisho wake iliwaachia wengine gharama ya mwisho huo.

Mei 1975 Samora Machel, aliyeshika uongozi wa FRELIMO baada ya Mondlane, alianza safari ya mwezi mzima kutoka Ruvuma kushuka kusini, akizungumza na watu mji kwa mji. Usiku wa kuamkia Juni 25, miaka 13 kamili tangu ule mkutano wa Dar es Salaam, alisimama katika uwanja wa mpira wa Machava, nje ya mji mkuu, akatangaza uhuru wa Msumbiji. Uwanja huo Wareno waliufungua mwaka 1968, na waliupa jina la Salazar.