Uchungu ukianza usiku, mtoto mkubwa atabaki na nani?

Nyumbani Tanzania, mjamzito mwenye mtoto mdogo ana bibi, shangazi, dada wa kazi na jirani. Akiwa Ujerumani, mumewe yuko zamu ya usiku, humkosesha usingizi swali moja: uchungu ukianza, mtoto atabaki na nani?

Mama mwenye bima ya afya ya umma nchini humo ana haki ya mkunga wa kumtembelea nyumbani hadi wiki 12 baada ya kujifungua. Wakunga ni wachache mijini, hivyo mtafute mapema. Ukilazwa, au daktari akikuamuru upumzike na nyumbani hakuna wa kukusaidia, bima inaweza kulipia msaidizi wa kazi za nyumbani. Omba cheti cha daktari.

Lakini usiku wa uchungu hausubiri fomu. Zungumza mapema na mtu mmoja, Mtanzania mwenzako au mama jirani. Mtoto amzoee: ale kwake, alale mchana kwake. Mwandikie anachokula na namna ya kumbembeleza.

Usione aibu. Hata nyumbani hakuna anayelea peke yake. Tofauti ni kwamba ugenini msaada hauji mpaka uombe.