Garanti ya nyumba: sheria inasema miezi mitatu

Kila mwisho wa mwezi tunamuona mama mmoja akipita katika avenu: godoro kichwani, sufuria mkononi, watoto nyuma. Anahama. Chumba alichopata ni dola 40 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kumi. Ni dola 400, na ufunguo hatoi kabla ya kuhesabu pesa. Mama huyo anauza unga sokoni. Akitoa dola 400, kesho atauza nini?

Wengi wetu tunafikiri ndivyo ilivyo, hakuna la kufanya. Lakini inchi yetu ina sheria. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupangisha nyumba. Inasema kwamba garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Basi kwa chumba cha dola 40, garanti ni dola 120. Zile dola 280 zinazobaki ni mtaji, ni masomo ya watoto, ni dawa.

Zamani serikali ilijaribu njia nyingine: kujenga. Mwaka 1952, wakati wa Wabelgiji, iliundwa ofisi iliyoitwa Office des Cités Africaines. Ndiyo iliyojenga nyumba za Bagira kule Bukavu, na za Ruashi kule Lubumbashi. Mpaka leo watu wanakaa humo. Lakini tangu Uhuru miji imekua sana, na serikali haikujenga kwa mwendo huo. Sasa wengi wetu tunapanga kwa watu. Ndiyo maana sheria ya garanti inatugusa kuliko ahadi ya nyumba mpya.

Kwa nini basi haifuatwi? Nyumba ni chache, wanaotafuta ni wengi. Ukikataa miezi kumi, mwingine nyuma yako anakubali. Tena, mara nyingi pesa hutolewa mkono kwa mkono, bila karatasi. Siku ya kuhama unaambiwa: « Garanti gani? »

Tufanye nini?

Kwanza, tusitoe pesa bila kontra ya maandishi na risiti. Iandikwe bei ya mwezi, garanti, tarehe, na sahihi za pande mbili. Kama hujui kusoma, uende na mtu unayemwamini.

Pili, kabla ya kuingia, muangalie nyumba pamoja na mwenye nyumba: mlango, madirisha, mabati, choo. Muandike kile kilichokwisha kuharibika, ili kesho usilipishwe wewe.

Tatu, mwenye nyumba akikataa sheria, umuendee shefu wa kartie ao ofisi ya Habitat kwenye komini. Usiende peke yako. Mama mmoja anaweza kufukuzwa mlangoni. Wamama kumi wanasikilizwa.

Nne, katika likilimba zetu tunaweza kutenga sanduku dogo la garanti. Mama akihama anakopa miezi mitatu, anarudisha polepole.

Na sasa neno kwetu sisi wenye nyumba, kwa maana katika chama hiki tuko pia. Wengine tunaomba miezi kumi ili tumalize kuta za chumba kingine. Lakini garanti si pesa yetu. Ni ya mpangaji, siku moja ataidai. Tukiila yote, tutairudisha na nini?

Kwenye mkutano ujao, kila mama aje na kontra yake. Asiye nayo aje pia. Tutasoma pamoja, na tutahesabu miezi.