Ohsumi, Hamira na Hesabu ya Marejeleo

Kila msimu wa kupandishwa vyeo unapokaribia, walimu wa Kiswahili huulizana swali moja: je, idadi ya mara ambazo kazi ya mtafiti imerejelewa na wenzake inatueleza nini juu ya thamani ya kazi hiyo? Tumeona tulijibu kwa kutoka nje ya uwanja wetu, kwa kuwa hesabu hizi zilianzia kwa wanasayansi. Eugene Garfield alitoa faharasa yake ya marejeleo ya sayansi mwaka 1964. Mfano wetu ni Yoshinori Ohsumi, mtaalamu wa biolojia ya seli kutoka Japani.

Ohsumi alizaliwa Fukuoka mwaka 1945, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1974. Maabara yake mwenyewe aliipata mwaka 1988, akiwa na miaka 43, umri ambao wengi wetu hudhani tumeshachelewa. Alichagua kuchunguza vakuoli ya hamira, kifuko kilichomo ndani ya seli ambacho wengi walikiona kuwa jalala tu.

Alichokuwa akikitafuta huitwa autofajia, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kujila. Mbelgiji Christian de Duve ndiye aliyelitumia mwaka 1963. Seli huzifunga sehemu zake zilizochakaa katika vifuko, huziyeyusha, kisha huitumia tena mali ghafi yake, kama fundi avunjaye kiti kibovu apate mbao za kigoda. Katika hamira jambo hili lilikuwa gumu kuonekana. Ohsumi alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kuyeyushia, akainyima chakula. Baada ya saa chache vakuoli zilijaa vifuko visivyoyeyuka, navyo vikaonekana kwa hadubini ya kawaida! Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata, yeye na Miki Tsukada walieleza makundi 15 ya hamira zenye kasoro, kila kundi likionyesha jeni moja inayohitajika. Makala hayo hayakutoka katika jarida lenye sifa kuu, bali katika FEBS Letters, jarida la makala mafupi.

Wakati huo watafiti wa autofajia walikuwa wachache, na penye wasomaji wachache marejeleo hayawezi kuwa mengi. Baadaye ilibainika kwamba jeni za namna hiyo zimo hata katika mwili wa binadamu. Mwaka 1999 kundi la Beth Levine lilihusisha mojawapo na uzuiaji wa uvimbe wa saratani, na madaktari nao wakaanza kusoma habari za hamira. Siku hizi makala kuhusu autofajia hutoka kwa maelfu kila mwaka. Ohsumi alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016, peke yake, makala ya 1993 yalikuwa miongoni mwa manne yaliyotajwa kuwa ya msingi.

Sasa tuitazame ile namba ipendwayo na kamati, yaani kipimo cha h alichokibuni Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti huwa na h ya 20 iwapo makala yake 20 yamerejelewa angalau mara 20 kila moja. Maana yake, makala yaliyorejelewa mara elfu na yaliyorejelewa mara ishirini na moja huhesabiwa sawa: moja na moja. Kipimo hiki humpendelea aandikaye mara kwa mara. Kwa mtu aliyefungua mlango mmoja ambao wengine wote wakaupitia, hakisemi mengi.

Kwetu sisi tatizo lina tabaka la pili. Orodha za kielektroniki zinazotoa namba hizo huingiza majarida machache sana ya Kiswahili. Tasnifu zinazorejelea vitabu vyetu hubaki kwenye rafu za maktaba, na mwalimu wa sekondari anayefundishia sarufi iliyoandikwa na mwenzetu haachi alama yoyote katika hesabu. Kwa hiyo mwenzetu anayewasilisha faili lake tungemshauri aambatishe pia mihtasari ya kozi zinazotumia kitabu chake, pamoja na kurasa za tasnifu zilizomtaja.