Gari Dogo Likishushwa Chini, Magurudumu Hayabaki Yalivyokuwa

Ndugu mkazi wa Butimba, katika gereji za jiji letu magari madogo kama Toyota IST, Vitz na Passo hufanyiwa moja kati ya mambo mawili. Wapo wamiliki wanaoyanyanyua kwa kuweka spesa ili yasigonge mawe, jambo linaloeleweka katika mji uliojengwa juu ya miamba. Wapo pia, na wengi wao ni vijana, wanaoyashusha ili bampa likaribie lami na gari lionekane limetulia. Njia ya bei nafuu ya kulishusha ni kuvua springi, kukata mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa grenda, kisha kuirudisha. Kazi huisha kabla ya saa ya chakula cha mchana, na mara nyingi hakuna anayezungumzia magurudumu.

Ni vyema kufahamu jinsi gurudumu la mbele linavyoshikiliwa. Magari haya hutumia mfumo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940. Juu kuna shokapu iliyozungukwa na springi. Chini kuna mkono mmoja, uliofungwa kwenye bodi kwa bushi na kwenye gurudumu kwa boljointi. Gari likishushwa sentimita 5, ncha ya ndani ya mkono huo hushuka pamoja na bodi, ilhali ncha ya nje hubaki kwenye kimo cha gurudumu. Pembe zilizopimwa kiwandani hubadilika, na kwa kawaida sehemu ya juu ya gurudumu huegemea ndani.

Badiliko la pili lina madhara makubwa zaidi. Tairodi, inayounganisha usukani na gurudumu, nayo hubadili mlalo wake. Kwa kuwa haifuati njia ileile na mkono wa chini, huvuta au kusukuma gurudumu, na matairi mawili ya mbele huacha kutazama mbele kwa usawa. Katika magari mengi ya aina hii matairi hufunguka kwa mbele, mfano wa mtu anayetembea vidole vya miguu vikiangalia nje. Nusu digrii kwa kila gurudumu yaonekana si kitu. Hata jicho la fundi mzoefu huikosa. Lakini tairi lililopinda kwa nusu digrii huburutwa kando takribani mita 9 katika kila kilomita moja. Anayekwenda mjini na kurudi kila siku afanye hesabu mwenyewe.

Msuguano huo huangukia zaidi ukingo wa ndani wa tairi, upande usioonekana gari likiwa limeegeshwa. Mwandishi wa makala haya anakiri kosa lake: aliponunua gari lililokwisha kutumika, alikagua rangi, injini, na hata redio. Matairi, kwa nje, yalikuwa na meno mazuri. Asubuhi moja ya mvua, kwenye mteremko, mbele ya kivuko ambapo wanafunzi walikuwa wakisubiri, alikanyaga breki na gari likateleza mbali kuliko alivyotarajia. Hakuna aliyeumia. Gurudumu lilipofunguliwa, ukingo wa ndani ulikuwa kipara, waya zikichungulia. Springi zilikuwa zimekatwa zamani, na muuzaji hakusema neno.

Wapenzi wa magari yaliyoshushwa wana hoja ambayo si ya kupuuzwa, kwamba uzito ukiwa karibu na ardhi gari hutulia zaidi kwenye kona. Hoja hiyo ni sahihi kwa gari la mashindano lililosukwa upya lote. Katika mfumo wa MacPherson, gari likishushwa bila marekebisho mengine, nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona hushuka zaidi kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Bodi yaweza hivyo kulala kwa nguvu zaidi. Springi iliyokatwa nayo huwa ngumu: yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikibakiwa na 5, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20, na shokapu ya awali haikutengenezwa kuituliza. Tena nafasi ya kujongea imepungua. Gari lililojaa abiria likiingia kwenye shimo katikati ya kona hugonga mpira wa kikomo, na tairi laweza kupoteza mshiko ghafla.

Kunyanyua nako kuna gharama yake, kwani pembe hubadilika kuelekea upande wa pili na mabuti ya draivu shafti huchakaa mapema. Makala haya hayana nafasi ya kulieleza hilo kwa kina.

Anayetaka kushusha gari anunue springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kulainisha springi kwa moto wa gesi ni kuua chuma chake, asikubali. Kisha bushi, boljointi na tairodi zikaguliwe, upepo wa matairi upimwe, ndipo alaimenti ifanyike. Aombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Afahamu pia kwamba katika mengi ya magari haya alaimenti ya kawaida hurekebisha mwelekeo wa matairi ya mbele tu. Mwegamo hauguswi bila boliti maalumu.

Nyumbani, geuza usukani hadi mwisho, zima injini, kisha pitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani wa tairi. Ukihisi meno makali kama ya msumeno, au upara, usisubiri mwisho wa mwezi. Fanya hivyo pia kabla ya kumlipa anayekuuzia gari.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu kuendesha chombo kibovu, na askari wa usalama barabarani anaweza kukizuia. Mashimo yanayoharibu alaimenti katika barabara za mitaa yaripotiwe ofisi ya Serikali ya Mtaa, ambayo huyafikisha TARURA. Ya barabara kuu iendayo Nyegezi na Usagara yanahusu TANROADS. Unaporipoti, taja jina la mtaa na alama iliyo karibu, kama shule, kalavati au duka, ili mhandisi alifikie shimo lenyewe bila kuulizauliza.