Umeombewa: je, uache ARV?

Msikilizaji, wapo wanaotumia ARV ambao huombewa, kisha kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani. Baadhi hudhani wamepona, wakaacha dawa.

Kutoonekana si kuisha. ARV huzuia virusi visizaliane, vikapungua kwenye damu hadi kipimo kisivione. Lakini vingine hujificha ndani ya chembe hai za mwili, na dawa haziwezi kuvimaliza huko. Ukiacha dawa, kwa kawaida virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache, na unaweza kumwambukiza mwenzi wako.

Kumeza dawa kila siku si kukosa imani. Endelea kusali, na kliniki nenda kwa tarehe uliyopangiwa. Mtu akikwambia uache dawa, zungumza kwanza na mhudumu wako wa afya.